Kriki inainua, haishikilii: tubadilishe pine kwa akili hata kama tuko nyumbani



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza nanyi juu ya mbegu, mbolea ya kuoza, mnyauko wa migomba na namna ya kuchuma kahawa iliyoiva. Leo tunaomba ruhusa tutoke kidogo shambani, tusimame kwenye lupango, pale gari ya kooperative inapolala. Tunataka kusema juu ya pine iliyotoboka.

Tunajua wengine watacheka: "Sasa maagronomu wamekuwa mafundi wa gari?" Apana. Kila mtu abaki na kazi yake. Lakini tumeona kitu ambacho hatuwezi kunyamazia, na kwa kweli na sisi tuna sehemu yetu katika kosa lile. Njo maana tunaandika.

Ilikuwa upande wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, wakati wa mavuno ya kahawa. Tulikuwa pale kufuatilia mapokezi kwenye kituo cha kuosha kahawa. Saa kumi na moja ya jioni pikapu ya kooperative ikaingia na magunia 18 ya kahawa mbichi, na pine ya nyuma, upande wa kuume, ilikuwa imekwisha hewa. Shoferi alikuwa ameivuta vile vile tangu barabarani, juu hakutaka kusimama peke yake njiani giza likiwa karibu. Hapo hatumlaumu. Wote tunajua barabara zetu.

Mashine ya kumenya haikuwa kwenye lupango ule. Ilikuwa mbele, karibu na mto, mwendo wa dakika kama 20 kwa gari. Na ninyi wakulima wa kahawa mnajua sheria: kahawa iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala ndani ya gunia, inapata moto, inaanza kuchacha, na ladha inaharibika. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na haraka. Vijana wakakimbia, mmoja akaleta kriki, mwingine ufunguo wa bulo. Mzee mmoja akauliza: "Hatushushe mizigo kwanza?" Wakamjibu: "Muzee, tutashusha kisha tupakize tena? Usiku itatukuta hapa!"

Mvua ilikuwa imenyesha saa nane. Udongo wa lupango ulikuwa umelainika, na lupango lenyewe lilikuwa na mteremko kidogo kuelekea meza za kuanikia. Wakaweka kriki moja kwa moja juu ya udongo. Hakuna mtu aliyetia jiwe wala mti mbele ya magurudumu mengine. Freni ya mkono ilikuwa imevutwa, basi wakaona inatosha. Gari ikapanda, pine mbovu ikatoka. Wakati kijana mmoja alikuwa anasukuma pine nyingine kwa mguu ili aipeleke mahali pake, kriki ikazama upande mmoja, ikalala, gari ikasogea mbele na kuanguka. Mguu wake ulikuwa chini.

Alipoteza vidole viwili vya mguu. Tunamshukuru Mungu kwamba haikuwa kichwa. Lakini ni baba wa watoto, analima kwa mikono yake, na msimu ule wote hakushika jembe. Kahawa nayo ililala, juu watu wote walikuwa kwenye kituo cha afya. Kesho yake magunia yalikuwa yanatoa harufu ya pombe, na lile fungu likawekwa kwenye daraja la chini. Familia zaidi ya kumi zikapokea bei ndogo kwa kazi ya siku nzima.

Na sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa hatua tano kutoka pale, na daftari mkononi, tunahesabu magunia. Tuliona kriki iko juu ya udongo mbichi. Tuliona hakuna kitu kilichozuia magurudumu. Tulifikiri: wanajua, ni gari yao. Tungesema neno moja tu, kijana yule angekuwa na vidole vyake. Hilo neno tunalisema leo, kwa kuchelewa.

Tumejiuliza mara nyingi kwa nini ajali hii ilitokea nyumbani. Barabarani mtu ana woga. Anaangalia mbele na nyuma, anaweka majani ya miti barabarani ili kamyo zimuone, konvoyeri anashuka mbio kutia kipande cha mti chini ya gurudumu. Akifika kwenye lupango, woga unakwisha. Tuko kwetu, watu ni wengi, mikono ni mingi, kila mtu anatoa amri. Watoto wanakuja kuangalia, kuku wanapita chini ya gari, mtu amekaa bado ndani anasikiliza redio. Ile kazi ambayo barabarani ingefanywa na watu wawili wenye akili, nyumbani inafanywa na watu kumi wenye haraka. Sisi tunasema nyumbani ni fasi nzuri ya kubadilisha pine, nzuri kuliko barabarani, lakini tu kama tunatumia ile nafasi tuliyonayo: muda, udongo wa kuchagua, na mikono ya kushusha mizigo.

Basi, tuseme namna ya kufanya. Shoferi mzuri anaijua yote hii. Lakini shoferi hayuko kila siku, na siku ile atakapokosekana, ninyi njo mtakuwa pale.

Kwanza, chagua fasi. Gari isimame mahali palipo sawa na pagumu. Kama lupango lote ni mteremko, sogeza gari pole pole mpaka njiani palipo sawa, hata kama pine mbovu itaharibika zaidi kidogo. Pine inanunuliwa. Zima moteri, vuta freni ya mkono, tia gia ya kwanza, toa ufunguo na uutie mfukoni mwako.

Pili, shusha watu na mizigo. Tunajua hii njo inawachokesha watu. Lakini magunia 18 ya kahawa ni karibu kilo 900. Kriki ndogo ya pikapu haikutengenezwa kwa kuinua gari na uzito ule pamoja, na gari yenye mzigo juu inayumba kwa urahisi. Watu sita wanashusha magunia 18 kwa muda mfupi. Watoto na mbuzi waende mbali, na mtu mmoja mkubwa apewe kazi ya kuwafukuza.

Tatu, zuia magurudumu. Usiiamini freni ya mkono peke yake. Kwenye gari nyingi freni ile inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, linabaki moja tu chini la kushikilia gari nzima. Kwa hiyo tia vipande vya mti mbele na nyuma ya gurudumu lililo mbali zaidi na lile unaloinua: ukiinua la nyuma kuume, unazuia la mbele kushoto. Jiwe la mviringo linateleza. Mti uliokatwa kama kabari unashika vizuri.

Ine, angalia gurudumu la akiba kabla ya kuanza. Lina hewa? Tumeona watu wakiinua gari, wakitoa bulo zote, kisha wakakuta gurudumu la akiba nalo limelala. Sasa gari inasimama juu ya kriki saa nzima wakingojea kwado. Ile saa nzima ni hatari.

Tano, legeza bulo wakati gurudumu bado liko chini. Nusu mzunguko tu kila moja, usizitoe. Ukifanya ile kazi ya nguvu wakati gari iko juu, unaivuta mwenyewe ianguke. Bulo ikikataa, sukuma ufunguo kuelekea chini na uzito wa mwili, lakini usiruke juu yake.

Sita, weka ubao mnene na mgumu chini ya kriki, hata kama udongo unaonekana mkavu. Kriki ishike kwenye chuma kinene: kwa pikapu ni kwenye ekseli karibu na springi, au mahali kitabu cha gari kinapoonyesha. Usiweke kwenye bati la chini, litajikunja. Ikianza kupanda, angalia kama imesimama wima. Ikiinama hata kidogo, shusha, anza tena. Hakuna aibu kuanza tena.

Saba, na hapa tusikilizane vizuri: kriki inainua, haishikilii. Hakuna mtu kuingiza kichwa, mkono wala mguu chini ya gari iliyo juu ya kriki tu. Ukishatoa gurudumu la akiba kwenye fasi yake, lilaze chini ya gari, pembeni, karibu na kriki. Gari ikianguka, itaangukia gurudumu. Ukitoa gurudumu bovu, badilisha: bovu linaingia chini, zima linatoka. Kitu hiki hakiombi franka hata moja, na kingeokoa mguu wa kijana wetu.

Nane, unapotia gurudumu, lishike kwa mikono miwili pande za kushoto na kuume. Vidole visiende chini yake, na usilisukume kwa mguu. Kaza bulo kwa mkono, sehemu iliyochongoka ikiangalia janti. Kisha kaza kidogo kwa kuruka: moja ya juu, halafu ya upande wa pili, usifuate mviringo. Toa gurudumu lililo chini ya gari, shusha gari, na sasa njo ukaze kwa nguvu, kwa mpango ule ule. Ukishatembea kilometa 50 hadi 100, simama ukaze tena. Bulo zinalegea, hasa kwenye barabara zetu.

Kama mnafuata haya yote, hesabuni nusu saa, pengine dakika 45 pamoja na magunia. Kahawa inaweza kungojea dakika 45. Siku ile ya Kalehe tulitaka kuokoa dakika 20, tukapoteza usiku mzima.

Tuseme pia neno juu ya pikipiki, juu kooperative nyingi hazina gari ila zina moto mbili au tatu. Zima moteri kabisa na uache bomba la moshi lipoe. Simamisha moto kwenye stendi ya katikati, juu ya ubao, na mtu mmoja aishike. Usizungushe gurudumu kwa moteri huku mkono wa mwenzako uko karibu na cheni. Kuna watu kati yetu wenye vidole vifupi juu ya jambo hilo, na wenyewe watawaeleza.

Na juu ya kamyo: hapa maoni yetu ni makali. Pine ya kamyo isifunguliwe wala isipigwe pompa kwenye lupango la nyumba. Janti nyingi za kamyo za zamani zina pete ya chuma inayofunga pine. Ikiwa pete haikukaa vizuri, hewa ikijaa inaruka kama risasi na inaua. Kazi hiyo ni ya kwado mwenye vifaa na mwenye uzoefu, na hata yeye anapaswa kusimama pembeni wakati wa kutia hewa, asiiname juu ya gurudumu. Na mtu yeyote asikubali kusudia janti wakati pine bado iko juu yake. Ndani mnapata joto, pine inapasuka kama bomu.

Sasa tunafika kwenye maneno ambayo pengine hayatawafurahisha wote.

Kisha ile ajali, komite ilikaa. Swali lilikuwa: nani atalipa dawa? Wengine walisema kijana alijitakia, hakuna aliyemtuma. Sisi tulisikia maneno hayo kwa huzuni. Gari ilikuwa ya nani? Kahawa ilikuwa ya nani? Alikuwa anafanya kazi ya wote, kwa haraka ya wote. Mwisho wanamemba walichanga, lakini kwa manung'uniko, na mke wake alipita nyumba kwa nyumba kama mwombaji. Tunasema hivi si haki. Kooperative inayokata franka kidogo kwa kila kilo kwa ajili ya mafuta na pine, inaweza pia kukata kidogo kwa ajili ya mwanamemba anayeumia kwenye kazi yake. Liandikeni katika kanuni zenu za ndani, lipigiwe kura kwenye mkutano mkuu, kabla ya ajali. Kisha ajali, kila mtu anatetea mfuko wake.

Jambo la pili ni vifaa. Watatuambia: "Hatuna pesa." Tuhesabu pamoja. Vipande vinne vya mti wa kaliptusi vilivyokatwa kama kabari: memba mmoja seremala anavikata asubuhi moja. Ubao mmoja mnene: mara nyingi umelala tayari nyuma ya depo. Kriki yenye nguvu ya kutosha na ufunguo mzuri wa bulo, hivyo tu njo vinaomba pesa, na vinadumu miaka. Vyote vikae ndani ya kisanduku kimoja, ndani ya gari, na gerani wa depo avihesabu kama anavyohesabu magunia. Tumeona kriki za kooperative zikiazimwa kwa harusi, kwa ujenzi, kwa jirani wa prezida, na siku ya haja hazipatikani.

La tatu ni mafunzo, na hapa tunajilaumu wenyewe. Sisi wa miradi tunaleta pikipiki, tunaleta trisikle, tunapiga picha, tunatia sahihi, tunakwenda. Tunafundisha siku tatu namna ya kupanda kwa mistari, lakini hatufundishi hata nusu siku namna ya kubadilisha pine ya chombo tulicholeta. Tumeomba ndani ya kazi yetu kwamba kila chombo kitakachotolewa kiende pamoja na kriki yake, kabari zake, na siku moja ya mafunzo kwa watu wasiopungua watano. Tunawaomba na ninyi mtudai. Msikubali kutia sahihi ya mapokezi kama vile vitu havipo.

Na kati ya wale watano, tunaomba wawili wawe mama. Siku ile ya Kalehe mama walioleta kahawa walisukumwa pembeni: "Mama, mutoke hapa, ni kazi ya wanaume." Lakini mama mmoja njo aliyesema kwa sauti: "Ile chuma inalala, muangalie!" Hakusikilizwa. Kubadilisha pine kunaomba mpango na macho kuliko nguvu. Mama anayeweza kubeba kilo 50 mgongoni kutoka mlimani hatashindwa na bulo tano.

Tunajua kuna wazee watakaosema: tumebadilisha pine miaka 30 bila kabari, na tuko wazima. Wazee wetu, tunawaheshimu, na tunafurahi kwamba mko wazima. Lakini hata kijana yule alikuwa ameshabadilisha pine mara nyingi bila kabari. Udongo mmoja mbichi ulitosha.

Tunamaliza na ombi dogo. Kabla ya mavuno yajayo, chagueni Jumamosi moja, gari ikiwa tupu na hakuna haraka. Leteni kriki, ubao na kabari, na kila mwanamemba anayetaka abadilishe pine mara moja mbele ya wengine, huku shoferi akisahihisha. Muweke muda. Kijana wetu wa Kalehe amekubali kwamba tusimulie habari yake, bila jina. Siku hizi anatembea vizuri kidogo, na yeye njo anayechunga kisanduku cha vifaa. Hakuna mtu anayepata kriki kwake bila kuchukua ubao.

Tunawatakia mavuno mema, na kila mtu arudi nyumbani na miguu yake yote miwili.